Moyo Wenye Mbio Siyo Moyo Wenye Nguvu



Leo nataka tuzungumze juu ya sauti ya moyo. Wengi wenu mmeniona zahanati nikivaa mipira masikioni na kuweka kile kichuma cha mviringo juu ya kifua cha mgonjwa. Chombo hicho kinaitwa stetoskopu. Mara nyingi watu huniuliza, "Mganga, unasikia nini humo ndani?" Watoto ndio huuliza zaidi. Mimi hujibu haraka, "Nausikiliza moyo," kisha namwita mgonjwa anayefuata, maana watu ni wengi na benchi limejaa. Hilo siyo jibu. Leo nitajibu vizuri. Tena nitawaeleza habari ya siku niliyousikiliza moyo nikausikia vibaya, na mama mmoja akakaribia kufa.

MOYO WENYEWE

Moyo ni nyama. Ni msuli mgumu, kama ule unaouona machinjioni ng'ombe anapopasuliwa. Moyo wa mtu mzima unakaribia ukubwa wa ngumi yake. Umekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kifua, na ncha yake imeelekea kushoto, chini ya titi.

Ndani ya moyo kuna vyumba vinne. Viwili viko juu na viwili viko chini. Vyumba vya juu hupokea damu. Vyumba vya chini huisukuma damu kwenda mapafuni na mwilini kote. Kati ya chumba cha juu na chumba cha chini kuna mlango. Pale damu inapotoka kwenye chumba cha chini na kuingia katika mshipa mkubwa, kuna mlango mwingine. Milango yote ni minne. Inaitwa vali. Mwenye baiskeli anaijua vali: upepo unaingia lakini hautoki. Vali za moyo nazo ni hivyo hivyo. Damu inapita kwenda mbele, hairudi nyuma.

Moyo hujikaza, halafu hulegea. Ukijikaza, damu inatoka. Ukilegea, damu nyingine inaingia. Kazi ni hiyo tu, usiku na mchana, mtu akilima au akilala.

SAUTI MBILI

Weka sikio lako juu ya kifua cha mtoto wako, upande wa kushoto, karibu na titi. Utasikia sauti mbili zinafuatana: duu-ta. Kimya kidogo. Halafu tena: duu-ta. Sauti ya kwanza ni nzito na ndefu kidogo. Sauti ya pili ni fupi na kali.

Sauti ya kwanza hutokea vyumba vya chini vinapoanza kujikaza. Damu iliyomo inataka kurudi juu, lakini inaisukuma ile milango ya katikati nayo inajifunga. Sauti ya pili hutokea vyumba hivyo vinapoanza kulegea. Damu iliyokwisha kutoka inataka kurudi moyoni, lakini inaifunga milango ya kutokea. Kwa hiyo duu ni mwanzo wa kusukuma, na ta ni mwisho wa kusukuma.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Kwa nini duu ya mtu mmoja ni kubwa na ya mwingine ni ndogo?

Usidhani vali za moyo ni mbao zinazogongana. Ni ngozi nyembamba na laini. Mtazame mama anayetaka kuanika kanga. Anaishika pembe mbili na kuikung'uta. Akiivuta kwa ghafla na kwa nguvu, kanga inalia: pa! Akiivuta polepole, hailii. Kanga ni ile ile. Kilichobadilika ni mkono.

Moyo nao ni hivyo. Msuli wake ukijikaza kwa nguvu na kwa ghafla, vali zinavutwa na kukazika mara moja. Damu iliyokuwa inakwenda inasimamishwa ghafla. Vali, kuta za moyo na damu yenyewe vinatikisika. Mtikisiko huo ndio duu tunayoisikia. Msuli ukiwa dhaifu, unajikaza polepole, vali zinafungwa taratibu, na duu inakuwa ndogo, kama imetoka mbali.

Sauti ya pili haitegemei sana nguvu ya kujikaza. Yenyewe hufuata zaidi msukumo wa damu iliyomo katika mishipa mikubwa. Mtu mwenye shinikizo la juu la damu mara nyingi ta yake ni kali kuliko kawaida. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

JARIBU MWENYEWE

Jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani bila chombo chochote. Mchukue kijana mwenye afya njema. Mwache akae chini dakika kumi. Weka sikio kifuani pake usikilize. Halafu mwambie akimbie mpaka kisimani na kurudi. Sikiliza tena mara moja. Utaona mambo mawili. Kwanza, mapigo yamekuwa ya haraka. Pili, duu imekuwa kubwa, karibu ikugonge sikio. Mwili wa mtu anayekimbia unataka damu nyingi, basi unauamuru moyo ujikaze kwa nguvu zaidi. Hofu hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ukikutana na nyoka njiani unausikia moyo wako mwenyewe bila kusikiliza.

Msimkimbize mzee, mjamzito, wala mtu anayeumwa. Na katika kulazana vifuani, kila mtu afanye na wa nyumbani kwake, tusije tukaletewa kesi kwa mwenyekiti.

Nimetaja jambo hilo kwa mzaha, lakini aibu hiyo ndiyo iliyoleta stetoskopu duniani. Zamani madaktari walisikiliza kwa kuweka sikio juu ya kifua cha mgonjwa. Mwaka 1816, katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, daktari René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mwanamke yule alikuwa mnene, na daktari aliona haya kumlalia kifuani. Akachukua karatasi akazikunja kama bomba. Upande mmoja akauweka kwenye kifua cha mgonjwa, upande wa pili kwenye sikio lake. Akashangaa. Alisikia vizuri kuliko anavyosikia kwa sikio tupu. Baadaye akatengeneza bomba la mbao. Akina mama mmeliona lile bomba fupi ambalo mkunga huliweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Hilo ni ndugu wa bomba la Laennec.

HESABU YA MOYO

Wanakisomo, shikeni kalamu. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika, kila ukijikaza, hutoa damu kiasi cha mililita 70 hivi. Ni kama kikombe kidogo cha kahawa. Kwa dakika moja hujikaza mara 70 hivi. Zidisha 70 kwa 70. Utapata mililita 4,900. Yaani karibu lita 5, dumu dogo la mafuta, kila dakika.

Sasa chukua moyo uliochoka. Hauwezi tena kutoa kikombe kizima. Unatoa nusu, mililita 35. Lakini mwili bado unataka dumu lake lile lile. Moyo utafanya nini? Gawanya 4,900 kwa 35. Jibu ni 140. Moyo huo utalazimika kupiga mara 140 kwa dakika, na mwenyewe amekaa tu mkekani.

Hesabu ya kweli ndani ya mwili haiko sawasawa namna hii, lakini njia yake ndiyo hiyo. Moyo dhaifu hukimbia. Anayeuhesabu mapigo tu anaweza kusema, "Huu unafanya kazi kweli kweli." Kumbe unahangaika.

Hapo ndipo mimi nilipoanguka.

KOSA LANGU

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, cheti bado kipya. Alikuja mama mmoja na mtoto mchanga wa wiki saba. Alikuwa anakohoa na kuchoka. Alisema akitwanga kidogo tu pumzi inakwisha. Miguu ilikuwa imevimba kidogo. Nyumbani walikuwa wamemwambia ni uzazi tu, utakwisha. Nikamwekea stetoskopu. Moyo ulikuwa unapiga mara 128 kwa dakika. Nikaandika katika daftari kwamba ana kikohozi cha mapafu. Mume wake aliponiuliza juu ya moyo nikamjibu, "Moyo wake una nguvu, unapiga sana." Nikampa dawa ya kifua, wakaenda.

Siku ya tatu wakarudi naye juu ya mkokoteni wa punda. Hakuweza kulala. Usiku kucha alikuwa amekaa ameegemea ukuta. Kila akilazwa anaona kama anazama majini. Miguu ilikuwa imejaa hata ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mume hakunigombeza. Alisema maneno haya tu: "Mganga, ulisema moyo una nguvu." Mpaka leo nayasikia.

Mama mkunga wetu ni mtu mzima, amewazalisha nusu ya watu wa kata hii. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, safari hii usihesabu. Sikiliza." Tukamwegemeza mgonjwa kwa mito, ubavu wa kushoto kidogo, maana ukifanya hivyo ncha ya moyo inasogea karibu na mbavu. Nikaweka chombo polepole, bila kukikandamiza. Nikafumba macho.

Duu yake ilikuwa ndogo sana. Mwanamke alikuwa amekonda, kifua chake ni chembamba, sauti ilipaswa kusikika wazi. Lakini ilikuwa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Halafu baada ya ta nikasikia kitu kingine, kizito na cha chini sana: duu-ta-du, duu-ta-du, duu-ta-du. Mama mkunga akauliza, "Ngapi?" Nikajibu, "Tatu." Akasema, "Kama kwato za mnyama anayekimbia?" Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kupiga simu ya gari la wagonjwa.

SAUTI YA TATU

Sauti ya tatu inatoka wapi? Moyo uliochoka haumalizi kutoa damu yake. Nyingine inabaki ndani, na chumba kinatanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Damu mpya inapoingia kwa kasi inakuta chumba kimejaa, inasimamishwa ghafla, na kuta zinatikisika. Mtikisiko huo ndio sauti ya tatu. Madaktari wa zamani waliufananisha na mwendo wa farasi anayekwenda mbio. Sisi huku farasi hatuna, tuna punda, na punda akiamua kukimbia anatosha kutufundisha.

Lakini wazazi msiogope. Watoto na vijana wenye afya huweza kuwa na sauti ya tatu, na wajawazito pia. Kwao si ugonjwa. Mimi naitia mashaka ninapoikuta kwa mtu mzima ambaye duu yake ni ndogo, moyo unakimbia, pumzi ni fupi na miguu imevimba. Dalili hizo zikikaa pamoja, sisubiri.

Vilevile duu kubwa peke yake haina maana kwamba moyo ni mzima. Homa huikuza. Upungufu wa damu huikuza. Tezi ya shingo ikizidi kazi yake huikuza. Hata mlango wa moyo ulioharibika na kuwa mwembamba huweza kuikuza. Na duu ndogo nayo siyo kila mara udhaifu. Mtu mnene husikika kwa mbali, kwa sababu ya mafuta ya kifuani. Mwenye mapafu yaliyojaa upepo ni hivyo hivyo. Maji yakijaa katika mfuko unaozunguka moyo, na kifua kikuu kinaweza kuyaleta, sauti zote zinafifia kama umefunika redio kwa blanketi. Kwa hiyo sikio linatupa shaka, nasi tunaipeleka shaka hiyo kwa wenye vipimo.

HOSPITALINI

Mama yule alipelekwa hospitali ya wilaya, kutoka huko akapelekwa hospitali ya mkoa. Alipigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachofanana na kile cha kumtazama mtoto tumboni. Katika kioo, daktari huona msuli wa moyo ukijikaza na kulegea, na huweza kupima ni sehemu gani ya damu inatoka na ngapi inabaki. Hospitali nyingi zinacho kipimo hicho sasa kuliko zamani. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa magonjwa ya moyo hasa.

Ilionekana moyo wake umetanuka na kulegea. Ugonjwa huo huwapata baadhi ya akina mama mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Siyo uchawi, wala siyo adhabu. Walimpa dawa ya kukojoa ili maji yatoke mapafuni na miguuni, na dawa nyingine za kuusaidia moyo.

Akina mama na akina baba, nawaomba mshike jambo hili. Mama aliyejifungua akichoka ni kawaida, kwa sababu halali usingizi. Lakini si kawaida asiweze kulala chali. Si kawaida aamke usiku akitafuta hewa. Si kawaida miguu izidi kuvimba wiki kadhaa baada ya kujifungua. Akiwa hivyo mleteni zahanati siku hiyo hiyo, na mseme wazi, "Hawezi kulala chali." Maneno hayo matatu yangenisaidia sana siku ile, nami sikuuliza. Mnaposubiri gari msimlaze. Mkalisheni aegemee kitu. Msimlazimishe kunywa supu ya chumvi eti apate nguvu. Chumvi huyazuia maji mwilini.

Yapo mambo mengine yanayoudhoofisha moyo. Shinikizo la damu lisilotibiwa kwa miaka mingi linauchosha, maana ni sawa na kusukuma mkokoteni mlimani kila siku. Pombe nyingi inaharibu msuli wake, na gongo ndiyo mbaya zaidi kwa ukali wake. Watoto wa miaka 5 hadi 15 wakiumwa koo kwa homa bila kupata dawa, wengine hupata baadaye homa ya viungo inayokula vali za moyo. Mtoto akilalamika koo na ana homa, mleteni tulitazame. Penisilini ya wakati wake inaweza kumwokoa na kisu cha daktari wa moyo akiwa kijana.

ALIPORUDI

Mama yule alirudi kwangu baada ya miezi minane. Alikuja kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Miguu ilikuwa mikavu. Nilimsikiliza kwa muda mrefu, mpaka akacheka. Mapigo yalikuwa 76. Duu ilikuwa karibu na sikio langu, na baada ya ta palikuwa kimya.

Akaniuliza, "Mganga, naweza kuzaa tena?" Hospitali walikuwa wamemwambia asishike mimba kabla ya kuonana nao, kwa sababu ugonjwa huo huweza kurudi mimba ya pili, hata kwa mama aliyepona, na ni hatari zaidi kwa yule ambaye moyo wake haujapata nguvu zote. Wengi hupata nafuu katika miezi sita hivi. Wengine hawaipati. Duu nzuri ndani ya sikio langu haiwezi kumaliza swali hilo. Ni ile picha ya moyo inayoweza kusaidia. Nikamwandikia barua ya kwenda mkoani kupimwa tena. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwita aingie akae kitini, tukazungumza juu ya uzazi wa mpango watatu wetu, mlango umefungwa, mpaka benchi la nje likaanza kunung'unika.